Kishikwambi, katuni, simu ya mzazi au kitabu: mtoto anayeanza kusoma umnunulie nini?

Kila Januari, sare na madaftari yakishanunuliwa, hubaki swali ambalo wazazi wetu sisi hawakuulizwa: mtoto naye anunuliwe kishikwambi? Madukani Kariakoo vimepangwa vile vya watoto, vyenye kava nene la mpira, pinki na bluu, na muuzaji anakuapia kwamba ndani mna masomo yote. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa, mzazi mwenzako anasifu cha mwanawe kuwa kimemfundisha Kiingereza. Bibi yeye anasema skrini inaharibu akili ya mtoto, na mazungumzo yanaishia hapo.

Ninalinganisha vitu vinne ambavyo familia nyingi zinaweza kuvifikia kwa namna moja au nyingine: kishikwambi chenye programu ya kujifunzia, katuni za elimu kwenye runinga, simu ya mzazi, na kitabu cha karatasi pamoja na penseli yake. Mtoto ninayemfikiria ana miaka mitatu hadi minane, kuanzia chekechea hadi darasa la pili, kipindi ambacho KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hujengeka au huanza kuyumba.

Nitoe hukumu yangu mapema ili ujue unachobishana nacho. Kishikwambi chenye programu nzuri humfaa zaidi mtoto asiye na mwalimu wala kitabu, na mtoto huyo kwa kawaida ndiye ambaye kwao hawawezi kukinunua. Mtoto anayekwenda shule, ambaye nyumbani kuna mtu anayejua kusoma, faida anayoipata ni ndogo ikilinganishwa na bei, na kuna vitu vya bei ya chini vinavyopaswa kutangulia. Ushahidi wa maneno haya umetoka sehemu mbili za Afrika Mashariki, Tanga na Kisumu, kwa hiyo nianzie huko.

Tanga: kishikwambi bila mwalimu

Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15, fedha za Elon Musk. Sharti lilikuwa gumu: tengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu yeye mwenyewe, pasipo mwalimu. Timu tano zilifika fainali na kupata dola milioni 1 kila moja. Uwanja wa fainali ulikuwa mkoa wa Tanga, na programu zote zilifundisha kwa Kiswahili. Serikali ya Tanzania pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNESCO na WFP walishirikiana kulisimamia zoezi hilo. Google ilitoa vishikwambi aina ya Pixel C, na vijijini vikawekwa vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua. Kwa miezi 15, kuanzia Desemba 2017, karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 hivi walikaa na vifaa hivyo.

Watoto walipopimwa mwanzoni, asilimia 74 walisema hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 walisema nyumbani hakuna aliyewahi kuwasomea chochote. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 ilipokwisha, idadi hiyo ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zilitangazwa washindi na kugawana dola milioni 10.

Habari hii husimuliwa kwa namna mbili, na unayoisikia inategemea anayekuuzia. Ya kwanza: watoto ambao hawajawahi kuona mwalimu walijifunza kusoma kwa kushika kioo. Ni kweli, na si jambo dogo. Ya pili: baada ya miezi 15 yenye vifaa vya bure, umeme wa bure na programu bora kuliko zote zilizoshindana, karibu nusu ya wale wasioweza kusoma neno bado hawakuweza. Nayo ni kweli. Ukizisoma zote mbili pamoja unaona kwamba kishikwambi kilishindana na kutokuwa na kitu chochote, kikashinda. Hakikuwekwa ulingoni na mwalimu wa darasa la kwanza mwenye chaki na vitabu vya kutosha.

Kilichofanya kazi Tanga ni rahisi kukieleza, na kitakusaidia ukifika dukani. Programu zilikwenda hatua kwa hatua, kidogo kidogo. Mtoto akikosea, zilirudia bila kuchoka na bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Kisha kuna jambo ambalo sisi watumiaji wa Kiswahili tunalichukulia kama la kawaida: lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu na nduguze, anaweza kujisomea neno ambalo hajapata kuliona. Mashine inayotamka silabi na kusubiri imekaa pazuri sana kwa lugha ya namna hii. Ndiyo maana sishangai programu ya Kiswahili ikimfikisha mtoto mbali, na ndiyo maana pia simwamini muuzaji anaponiambia kishikwambi chenye programu za Kiingereza tupu kitafanya vivyo hivyo kwa mtoto ambaye nyumbani hasikii Kiingereza.

Malawi imefuata njia hiyohiyo kwa sababu zake. Madarasa ya chini huko hufurika watoto, na mwalimu mmoja hawezi kumfikia kila mmoja wao. Kule Lilongwe, utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha watoto waliotumia programu ya hesabu kwenye vishikwambi kwa wiki nane wakipiga hatua kuliko wenzao waliofundishwa kawaida. Kwa hiyo kama mwanao yuko kwenye darasa ambalo mwalimu hajui hata jina lake, usikidharau kishikwambi.

Kisumu na Peru: pale ambapo shule ipo

Kisumu walijaribu jambo ambalo ni nadra kujaribiwa. Shule ambazo tayari zilikuwa na mpango wa usomaji, wenye vitabu vya wanafunzi, miongozo ya walimu na mafunzo, ziligawanywa. Kundi moja liliongezewa visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. La pili likaongezewa vishikwambi kwa walimu. La tatu, vishikwambi vikaenda kwa maafisa wanaowatembelea walimu darasani na kuwashauri. Matokeo yalichapishwa 2016. Makundi yote matatu yalifanya vizuri kuliko shule zisizo na mpango wowote, lakini hayakuachana kwa maana na shule zilizopata mpango uleule bila kifaa hata kimoja. Walipopiga hesabu ya gharama, kati ya njia hizo tatu, iliyotumia shilingi vizuri zaidi ni ya kumpa afisa.

Kenya ilipopeleka mpango huo nchi nzima kwa jina la Tusome, kuanzia 2015, kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili alipewa kitabu chake, na kishikwambi akakabidhiwa afisa. Katika miaka hiyohiyo, mpango mwingine wa serikali ulisambaza zaidi ya vifaa milioni moja kwenye shule za msingi, kutimiza ahadi ya kompyuta kwa watoto iliyotolewa kwenye uchaguzi wa 2013. Kati ya mipango hiyo miwili, wa kwanza ndio nchi nyingine huenda kuusoma wanapotaka kujua namna ya kuinua usomaji. (Tanzania nayo, vishikwambi vya sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Mgawo huo unafanana na ule wa Kisumu kuliko watu wanavyodhani.)

Peru ndiyo kioo cha pili cha Tanga. Nchi hiyo ilinunua laptopu ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa Laptopu Moja kwa Kila Mtoto, mradi ambao Rwanda pia iliuingia kwa nguvu. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walizifuatilia shule 319 za vijijini, nao kwa miezi 15, na 2012 wakaripoti kwamba hawakuona badiliko katika hesabu wala lugha.

Muda ni uleule, na watoto ni wa vijijini kama wale wa Tanga. Tofauti kubwa ninayoiona iko ndani ya mashine. Laptopu za Peru zilikuwa na zana: za kuandika, kuchora, kupiga picha, pamoja na vitabu vya kielektroniki. Hapakuwa na ngazi ya kumtoa mtoto silabi ya leo kwenda ya kesho, na walimu hawakuonyeshwa waziingizeje kwenye kipindi. Kwa hiyo mtu akikuuliza "kishikwambi kinafundisha?", swali halijakamilika. Kinafundisha kile ambacho programu iliyomo imepangwa kufundisha, na vishikwambi vingi vya madukani vimejaa michezo yenye herufi za rangi ambayo haimpeleki mtoto popote.

Katuni: bei ndogo, faida ya kweli, mipaka ya kweli

Runinga inadharauliwa kuliko inavyostahili. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanza 2013, hutengeneza katuni za elimu kwa Kiswahili, na ile ya watoto wa chekechea, Akili and Me, imepimwa kitaalamu. Huko Morogoro watoto wa chekechea waligawanywa, wengine wakatazama Akili and Me, wengine wakatazama vipindi vingine, kwa wiki nne. Utafiti ulioongozwa na Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland, uliochapishwa 2018, ulikuta watazamaji wa Akili and Me wamewapita wenzao katika kuhesabu, kutambua namba, maumbo, kuchora na Kiingereza. Wiki nne tu, na gharama kwa mzazi ambaye tayari ana runinga ni umeme.

Mpaka wake uko hapa: runinga ni kama daladala isiyosubiri abiria. Mtoto aliyeelewa na ambaye hajaelewa wanaondoka pamoja kwenda kipindi kinachofuata. Kwa kumfungua mtoto macho, kumpa maneno mapya, kumzoesha namba moja hadi ishirini, katuni inatosha sana. Kwa kumfikisha kwenye kusoma sentensi, sijaona ushahidi wa kunishawishi.

Umri pia si jambo la kupuuza. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle waliwaleta watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa wasikilize Kichina cha Mandarin. Waliochezewa na kusomewa na mtu hai walijifunza kuzitofautisha sauti za lugha hiyo ngeni. Waliooneshwa mtu yuleyule kwenye video, maneno yaleyale, hawakupata kitu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Bibi, kwa mtoto mchanga, alikuwa sahihi.

Tofauti nyingine ambayo wazazi wanaiacha ipite ni kati ya kipindi cha runinga na YouTube. Kipindi kina mwisho, na kikiisha watoto wanatawanyika. YouTube ikimaliza katuni moja inaleta ya pili, ya tatu, na kufikia ya tano mtoto anatazama mtu mzima akifungua mayai ya plastiki. Kama utatumia katuni za mtandaoni, zipakue mapema, chache, kisha zima data. Na runinga sebuleni, kaka na dada wakijibu kwa sauti maswali ya katuni, ni afadhali kuliko simu chini ya shuka.

Simu: mchezo mbaya, maktaba nzuri, na kitochi kinachoshangaza

Simu janja ya mzazi ndiyo kifaa ambacho watoto wetu wengi wanakulia nacho, tukubali tusikubali. Kama kitu cha kumtuliza mtoto ili mama apike, inatuliza. Kama kitu cha kujifunzia, mikononi mwa mtoto peke yake, kati ya vinne hivi naiweka ya mwisho: meseji zinaingia, matangazo yanaruka, na mtoto anajifunza haraka kwamba kitu kikiwa kigumu kidogo unatelezesha kidole kinakuja kingine.

Tabia hiyo ya kidole inastahili kuangaliwa. Mtoto aliyezoea kujibu kwa kubonyeza hugundua kwamba kubahatisha hakuna gharama: majibu yako matatu, bonyeza yote, mojawapo litaimba. Mketishe karibu na wewe umtazame. Anayesoma huchelewa kidogo kabla ya kubonyeza. Anayebahatisha hana subira hiyo, na nyota zake kwenye programu zinaweza kuwa nyingi kuliko za mwenzake.

Ikiwa mikononi mwa mzazi, simu hiyohiyo inabadilika. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini ulioanza 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili ambazo ni bure kusoma na ni ruksa kuzichapisha. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Zipakue kwenye bando la usiku, mpakate mtoto, someni. Au uzipeleke steshenari ya mtaani zichapishwe na kupigwa pini katikati, na hapo simu imezaa kitabu.

Sasa kitochi. Botswana ilipofunga shule 2020, watafiti walizifikia familia takribani 4,500. Baadhi zilitumiwa kila wiki SMS zenye maswali ya hesabu. Nyingine zilitumiwa SMS hizohizo na kisha kupigiwa simu ya kawaida ya dakika 15 hadi 20, mwalimu akiongea na mzazi na mtoto pamoja juu ya swali la wiki hiyo. SMS peke yake haikusogeza kitu cha kuonekana. Simu na SMS zikawasogeza watoto katika hesabu. Jaribio likarudiwa katika nchi tano, zikiwemo Kenya na Uganda, na huko nako likafaulu.

Sijui kama kuna teknolojia ya bei rahisi zaidi ya hiyo. Hakuna skrini ya rangi, hakuna bando, kuna mtu anayeuliza "umepataje?" na kusubiri jibu. Wenye shangazi Muscat au mjomba Minneapolis wanalo hili mkononi tayari. Utafiti wa Marekani wa 2014 ulionyesha watoto wa miaka miwili hadi miwili na nusu wakijifunza maneno mapya kupitia simu ya video kutoka kwa mtu anayewajibu papo hapo, huku video iliyorekodiwa ikiwaacha walivyokuwa. Kwa hiyo shangazi akipiga, asiishie kwenye "umekula?". Amsomee hadithi fupi, amuulize sungura alifanya nini.

Kitabu na penseli

Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky alieneza wazo kwamba watoto waliozaliwa katika zama za kompyuta ni wenyeji wa dunia hiyo, wanafikiri tofauti na sisi wahamiaji, na shule ziwafuate huko. Wazo lilipendwa, na hadi leo utalisikia kwenye semina za walimu. Kama ni kweli, watoto wa sasa wangepaswa kusoma kwenye skrini vizuri sawa na kwenye karatasi, au zaidi.

Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 waliosoma matini zilezile, kwenye karatasi na kwenye skrini. Karatasi ilishinda katika uelewa, hasa kwa matini za maarifa na pale muda unapobana. Lililonigusa zaidi ni hili: katika tafiti za kati ya 2000 na 2017, pengo hilo halikupungua kadiri miaka ilivyokwenda. Liliongezeka. Watu wamekulia kwenye skrini na bado skrini inawafanya wasome juujuu.

Kwa watoto wadogo kuna uchambuzi mwingine, wa 2021, wa watoto wenye umri kati ya mwaka mmoja na minane, nao hauilaani skrini moja kwa moja. Kitabu kilekile kikihamishwa kwenda kwenye skrini bila nyongeza, watoto huelewa kidogo kuliko kwenye karatasi. Kikiongezewa vitu vinavyoisukuma hadithi, mathalani picha inayosogea pale hasa panaposimuliwa, skrini inaweza kushinda. Kikijazwa vitufe na mapambo yasiyohusu hadithi, mtoto anacheza na mapambo. Waliochambua waligundua pia kwamba kitu kinachosaidia zaidi kwenye karatasi ni mtu mzima anayesoma na mtoto, anayesimama katikati na kuuliza.

Penseli ina hoja yake peke yake. Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana aliwapima watoto wa miaka mitano ambao bado hawajui kusoma. Baada ya kuziandika herufi kwa mkono, maeneo ya ubongo yanayohusika na usomaji yaliamka pale walipoziona tena. Baada ya kuzichapa kwenye kibodi, hayakuamka hivyo. Mkono unaotengeneza "a" mbaya, kubwa, iliyopinda, unaifundisha akili ni vitu gani vinaifanya "a" iwe "a". Sweden, nchi iliyokwenda mbali sana na skrini madarasani, 2023 ilitenga krona milioni 685 kurudisha vitabu vya karatasi, na waziri wa shule Lotta Edholm akahimiza watoto warudi kwenye kuandika kwa mkono.

Udhaifu wa kitabu ni mmoja na ni mkubwa: hakijisomi. Nyumba ambayo hakuna anayejua kusoma, au ambayo wote wanarudi saa tatu usiku wamechoka, kitabu kitakaa kabatini. Dada wa darasa la tano anaweza kuziba pengo hilo, na kwa uzoefu wangu anafanya hivyo kwa furaha kuliko baba. Upatikanaji nao una mashaka nje ya miji mikubwa, ingawa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, pamoja na wachapishaji wa ndani wametoa vitabu vingi vizuri vya Kiswahili. Kitabu kimoja hupita kwa watoto watatu, na kikidondoka hakipasuki kioo.

Basi, nyumbani kwako?

Mtoto wa chini ya miaka miwili: usinunue chochote. Ongea naye, mwimbie, mwachie masufuria agonge.

Wa chekechea: katuni ya Kiswahili nusu saa, kitabu cha picha, na chaki au penseli nene. Nikiwa na pesa ya kununua kimoja tu, nanunua vitabu, maana katuni iko hewani tayari.

Darasa la kwanza na la pili, shule yenye mwalimu anayemfahamu mtoto: vitabu tena, na dakika kumi za kusoma kwa sauti kila jioni. Kishikwambi kinaweza kusubiri mwaka mzima bila mtoto kukosa lolote la maana. Ila kama darasa limefurika, au mtoto amebaki nyuma na anaona aibu kusoma mbele za watu, au nyumbani hakuna wa kumsomea, hapo nageuza kauli. Kishikwambi chenye programu ya Kiswahili inayokwenda ngazi kwa ngazi, dakika ishirini au thelathini kwa siku, kitamsaidia kuliko rundo la vitabu asivyoweza kuvianza. Mtoto asiyekwenda shule kabisa, nimeshasema: Tanga imejibu.

Wa shule za mchepuo wa Kiingereza ambao nyumbani ni Kiswahili, kishawishi kikubwa ni kununua programu ya Kiingereza ili "azoee". Mimi ningeanza na kusoma Kiswahili, ambacho silabi zake zinamfikisha haraka, halafu ujuzi ule wa kusoma auhamishie kwenye Kiingereza.

Ukishaamua kununua, usiridhike na maandishi ya kwenye boksi. Mwombe muuzaji akiwashe, zima Wi-Fi na data, kisha fungua programu ya masomo. Isipofunguka, kijijini kwa bibi wakati wa likizo kitakuwa kioo cheusi. Ikifunguka, sikiliza sauti: ni Kiswahili cha mtu, au mashine inayogonga silabi vibaya? Jibu kimakosa kwa makusudi, mara tatu mfululizo. Programu nzuri hukurudisha kwenye jambo jepesi zaidi au inakuonyesha upya. Mbovu inalia "puu!" na kusubiri ubahatishe tena. Angalia kama matangazo yanajitokeza katikati ya somo, na kama kila mtoto anaweza kuwa na akaunti yake, maana wakiwa wawili watagombana. Usilipie zaidi kwa sababu tu kimeandikwa "cha elimu": programu zote tano za fainali ya Tanga ziliwekwa wazi bila malipo, na kijana anayejua mambo ya programu anaweza kukusaidia kuziweka kwenye kishikwambi cha kawaida cha Android. Na muuzaji akikukatalia kukiwasha, duka la pili halipo mbali.